Bendi ya roki ikitoka Dar kwenda mikoani: vyombo, umeme na barabara

Ukishavuka Chalinze bila ngozi ya akiba ya snea (ile ngoma kali ya katikati ya drams), hesabu kwamba huna. Mikoani maduka ya vifaa vya sauti yapo, na maiki, spika na waya utapata, maana kila kanisa na kila mshereheshaji anavihitaji. Lakini nyuzi za gitaa la besi, ngozi ya inchi 14, ufunguo wa drams au vali ya amplifaya (ile taa ya kioo inayokuza sauti) ni vitu vya kuvihangaikia Kariakoo kabla ya kuondoka. Msanii wa bongo fleva anaweza kwenda Iringa na flashi mfukoni na shoo ikafana. Bendi ya roki inabeba sauti yake yote ndani ya gari, kwa hiyo kila kinachoweza kufa njiani kiwe na mwenzake ndani ya gari hilohilo.

Tuchukue mfano wa mzunguko wa wiki moja: wanamuziki watano, fundi mitambo mmoja na madereva wawili, wakipiga Morogoro, Dodoma, Iringa na Mbeya, kisha nyumbani.

Kabla ya kuondoka

Anza na hesabu ya mafuta, kwa sababu ndiyo inayoamua kama safari ina maana. Dar hadi Morogoro ni karibu kilomita 190, Morogoro hadi Dodoma 260, Dodoma hadi Iringa 260, Iringa hadi Mbeya 330, na Mbeya hadi Dar 830. Jumla kama 1,870. Coaster ya dizeli inayokwenda kilomita 6 kwa lita itakunywa lita 312. Ongeza za foleni, mizunguko ya mjini na jenereta, uweke bajeti ya lita 350. Zidisha kwa bei ya pampuni ya wiki hiyo, ongeza vyumba, posho na chakula, ndipo umtajie promota bei yako. Bendi nyingi hufanya kinyume: zinakubali bei kwanza, hesabu zinafanyika Morogoro gari likiwa kwenye kituo cha mafuta.

Makubaliano yawe ya maandishi, hata kama promota ni rafiki. Nusu ya malipo iingie kabla gari halijawashwa, nusu nyingine kabla bendi haijapanda jukwaani, si baada ya shoo wakati mwenye ukumbi, mlinzi na mpiga picha wote wanadai. Vibali vya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na vya afisa utamaduni wa wilaya andikeni kwenye karatasi hiyohiyo: nani anavishughulikia, na lini nakala itakuwa mkononi mwenu. Mbebe nakala zilizochapwa. Simu huisha chaji saa ile ile unayoulizwa kibali.

Kisha mwombe promota picha nne kwa WhatsApp: jukwaa, miksa ya ukumbi kwa karibu ili chaneli zihesabike, spika, na swichi kubwa ya umeme ikiwa wazi. Mfumo wa kumbi nyingi umefungwa kwa ajili ya flashi na maiki mbili. Bendi ya watu watano inataka chaneli 11: kiki (ngoma kubwa ya mguu), snea, mbili za juu ya drams, besi, magitaa mawili, kinanda na maiki tatu za sauti. Miksa yao ikiwa ya chaneli 6, utajua ukiwa bado Dar na utabeba ya kwako.

Kama drams hazienei kwenye gari, waulizeni watu wa makanisa. Katika miji mingi ya mikoani drams zinazotunzwa vizuri ziko kanisani, na mwalimu wa kwaya akiombwa kwa heshima, kwa barua na kwa ada iliyo wazi, mara nyingi anasikiliza. Mpigaji abebe snea yake, sahani zake na pedali yake, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoharibika mkononi mwa mgeni.

Sanduku la akiba

Sanduku hili ni moja, lina rangi yake, na halikai chini ya kitu kingine. Ndani yake weka seti tatu za nyuzi kwa kila gitaa na seti moja ya besi, ngozi mbili za snea, jozi sita za vijiti, ufunguo wa drams mara mbili (huo ndio unaopotea kuliko kitu chochote), kebo tatu za gitaa na nne za maiki, na maiki moja ya ziada. Shure SM58 inafaa kwa kuwa hata ikianguka bado inafanya kazi. Weka pia betri za volti 9, tepu ya kitambaa, chuma cha kuchomea na waya wa risasi, bisibisi, koleo na maltimita (kipima umeme).

Fyuzi zinahitaji neno lake. Soma maandishi nyuma ya kila amplifaya: T2A, T3.15A na kadhalika. Herufi T maana yake fyuzi inavumilia kishindo cha kuwasha. Ukiweka ya haraka yenye namba ileile itakatika kila ukiwasha, na mtu atashawishika kuifunga kwa ile karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Asifanye hivyo. Fyuzi ikikatika mara mbili mfululizo, tatizo limo ndani ya amplifaya, na karatasi ile italifikisha kwenye transfoma, mahali ambapo matengenezo yanagharimu kuliko shoo yenyewe.

Kupakia

Kila kifurushi kina namba kwa rangi nyeupe: 1 hadi 22, au vyovyote vilivyo. Namba 22 ikiwa kwenye orodha, hakuna anayeuliza "tumemaliza?" Mtu mmoja anasimama mlangoni mwa gari na daftari, habebi kitu, anahesabu tu. Vizito vikae chini na mbele, karibu na kiti cha dereva: kasha za spika, amplifaya ya besi, vyuma vya drams. Ukiviweka nyuma ya ekseli ya nyuma, mkia wa gari unashuka na usukani unakuwa mwepesi kwenye kona. Spika zitazamane uso kwa uso ili pembe ya stendi isitoboe koni. Magitaa juu kabisa, yamelala, na yashuke wa kwanza.

Amplifaya ya vali isubiriwe dakika 20 baada ya kuzimwa kabla ya kubebwa. Nyuzi ndogo ndani ya vali zikiwa moto hulegea, na tuta moja la barabarani linatosha kuzikata.

Kebo zina namna yake ya kukunjwa. Duara la kwanza linakunjwa kawaida, la pili kiganja kinageuka ndani ili waya upite chini, la tatu kawaida, la nne chini. Ukiitupa jukwaani inafunguka mita 10 bila fundo hata moja. Kebo iliyozungushwa kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo inajisokota, na baada ya miezi michache nyuzi za shaba zinakatika ndani karibu na jeki, mahali ambapo macho hayaoni. Ndiyo ile kebo inayotoa sauti ukiigusa na kunyamaza ukiiacha.

Barabarani

Tokeni Dar saa 10 alfajiri. Mkichelewa hadi saa 12, foleni za Kimara, Mbezi na Kibaha zitakula saa mbili zenu kabla hamjaanza safari. Bima, leseni ya dereva ya daraja la abiria, pembetatu za onyo na mtungi wa kuzimia moto vikae mahali dereva anapovifikia bila kushusha mzigo. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wa tochi yuko hasa pale kibao kinapoanzia. Magari yenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 pamoja na mzigo hupita mizani, na Coaster iliyojaa vyombo na watu inafika huko kirahisi, kwa hiyo wekeni nafasi ya mizani ya Vigwaza kwenye ratiba.

Sehemu ya kuiogopa ni kurudi. Mbeya hadi Dar kilomita 830 ni nyingi mno kwa dereva mmoja, na zinakuja mwisho wa wiki wakati wote mmechoka. Lazeni safari Iringa au Morogoro. Mlima Kitonga mnaushuka mkiwa na mzigo: dereva aingize gia ndogo kabla ya mteremko kuanza na aiache injini ishike gari. Anayekanyaga breki mfululizo huku yuko gia kubwa atazichemsha, na zikishachemka pedali inazama bila kushika. Mkifika Ruaha Mbuyuni kila mtu atataka gunia la vitunguu vya nyumbani. Amueni mapema ni magunia mangapi, kwa sababu yanakwenda juu ya vyombo na mizani bado iko mbele. Baada ya hapo barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Piteni mchana, taratibu, bila kushuka: twiga na nyati huvuka bila taarifa, na anayegonga mnyama hulipa faini.

Umeme wa ukumbini

Hapa ndipo vyombo vinapofia, kwa hiyo fundi mitambo awe wa kwanza kushuka garini, na asichomeke kitu chochote kabla hajapima. Anamtafuta fundi umeme wa ukumbi na kumwomba kwa adabu: "Fundi, shikamoo. Naomba tuone swichi kubwa pamoja." Akija naye bega kwa bega, kazi inakwenda. Akifungua kisanduku mwenyewe, anajenga ugomvi wa usiku mzima.

Maltimita kwenye AC, volti 750 au kipimo kikubwa kilichopo. Kwenye soketi ya jukwaa, kati ya laini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudi) isomeke karibu 230. Kati ya 215 na 245 mnaweza kuendelea. Kati ya laini na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) isomeke karibu sawasawa na hiyo ya kwanza. Ikisoma 90 au ikiyumbayumba, ethi haijafungwa popote. Kati ya nyutro na ethi isizidi volti 3 hivi. Ikisoma 20 au 40, nyutro imelegea mahali fulani, na hapo simameni kabisa. Kwenye umeme wa fezi tatu, nyutro ikikatika, soketi moja inashuka hadi 150 na nyingine inapanda kuelekea 400. Kila kilichochomekwa kwenye ile ya pili kinaungua kwa sekunde chache, na hakuna stabilaiza ya dukani itakayokiokoa.

Kipimo cha pili kinahitaji birika la umeme la wati 2,000. Chomeka birika kwenye soketi ya jukwaa, acha maltimita kwenye soketi ya pembeni, washa. Volti zikishuka kutoka 228 hadi 222, waya ni mzima. Zikishuka hadi 200, waya wa ukutani ni mwembamba au kuna kiungo kilicholegea kinachopata moto, na amplifaya zenu zitafanya vilevile kila kiki inapopigwa. Hamieni soketi nyingine, au vuteni waya wa milimita 2.5 kutoka kwenye kisanduku mkisaidiwa na fundi wao. Maji yakichemka, wekeni majani, maana hata fundi wa ukumbi atafurahi kupata kikombe.

Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu ifunguliwe yote hata kama mnahitaji mita 3. Ikiwa imejikunja na inabeba mzigo mkubwa, joto halitoki, na plastiki inayeyuka katikati ambako hamuoni.

Ulizeni LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ina yuniti ngapi. Jukwaa linalokula kilowati 3 kwa saa 5 linamaliza yuniti 15, mbali na friji za baa na taa za nje. Mtu wa promota anunue mbele yenu na aziingize zile tarakimu 20 kabla ya kujaribu sauti. Umeme ukikatika katikati ya wimbo kwa sababu ya yuniti, watu hawatamlaumu mwenye ukumbi.

Jenereta ikihitajika, hesabu iko hivi: amplifaya mbili za magitaa zinavuta wati 300 kila moja, besi 300, spika za ukumbi 1,500, taa za LED 400, miksa, kinanda na vikorokoro vingine 150. Jumla karibu wati 2,950. Gawa kwa 0.8 upate kVA 3.7, kipimo kinachoandikwa kwenye jenereta. Muziki wa roki una vishindo, na jenereta isifanye kazi zaidi ya asilimia 60 ya uwezo wake, kwa hiyo tafuteni kVA 7 za kweli. Ile ndogo ya dukani ya kVA 2.5 itawasha kila kitu vizuri wakati wa kujaribu, kisha itaanza kuhema kiitikio cha mwisho kinapopanda. Ikae mita 15 au zaidi, upande ambao upepo hauleti moshi jukwaani, na ijazwe mafuta kabla ya shoo. Kumimina petroli kwenye injini ya moto gizani kumeshaunguza watu.

Miksa ya dijitali ichomekwe kwenye UPS (betri ya kushikilia umeme) ya VA 650. Umeme ukikatika sekunde mbili tu, miksa isiyo na UPS inachukua dakika nzima kuamka, na dakika ya ukimya ni ndefu sana.

Sasa usalama wa mwimbaji. Kila kitu cha jukwaani, yaani amplifaya, miksa na kinanda, kitoke kwenye chanzo kimoja cha umeme. Kisha mwimbaji asiguse maiki bado: fundi aweke ncha moja ya maltimita kwenye wavu wa maiki na nyingine kwenye nyuzi za gitaa. Isomeke chini ya volti 2. Ikisoma 60 au 110, ethi ya upande mmoja imekatika au gitaa na maiki ziko kwenye ethi mbili tofauti, na mdomo wa mwimbaji ndio utakaoziunganisha. Mkisikia mngurumo wa umeme kwenye spika, msikate kamwe pini ya ethi kwenye plagi, wala msitumie adapta ya pini mbili kuikwepa. Tumieni DI boksi (kisanduku kinachopitisha sauti ya chombo kwenda kwenye miksa) na mbonyeze kile kiswichi cha kuinua ethi ya sauti. Kinakata mngurumo na kuiacha ethi ya umeme inayolinda maisha.

Kujaribu sauti

Kumbi nyingi ni sakafu ya saruji na paa la bati, na bati linarudisha kila kitu kikali. Amplifaya za magitaa ziinuliwe kwenye kiti na kuelekezwa masikioni mwa mpigaji, siyo magotini mwake. Akijisikia vizuri hatapandisha. Anzeni na kiki, snea, besi, magitaa, sauti mwisho. Maiki ikipiga mluzi, angalieni kwanza mkono wa mwimbaji: akifumba wavu kwa kiganja, maiki inapoteza uwezo wake wa kutosikia nyuma, na sauti ya monita (spika ya jukwaani inayomwelekea mwimbaji) inaingia. Kisha shusheni kidogo kati ya kilohezi 2 na 4, eneo ambalo bati linapenda.

Kebo ya spika na kebo ya gitaa zinafanana kwa nje. Ya gitaa ina waya mwembamba ndani, na ukiitumia kati ya amplifaya na kasha la spika inapata moto na kuyeyuka, hasa hatari kwa amplifaya ya vali isiyopenda kukosa mzigo. Fungeni tepu nyekundu kwenye za spika zote. Na makasha mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba ni omu 4, kwa hiyo swichi ya omu nyuma ya amplifaya ibadilishwe.

Hewa, miili na vyumba

Dar ina unyevu wa bahari, Dodoma ni kavu, Iringa na Mbeya ni juu na baridi. Mbao za gitaa zinasikia mabadiliko hayo yote ndani ya siku tatu: shingo inapinda au kunyooka, ncha za freti zinachomoza. Fungueni mfuko saa moja kabla ya kutyuni ili gitaa lizoee hewa. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo izungushwe robo mzunguko tu, kisha subirini hadi kesho. Futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu baada ya kila shoo, maana jasho na chumvi vinaziozesha haraka.

Mwimbaji wa Dar akifika Dodoma koo linakauka bila yeye kujua, basi aanze kunywa maji tangu njiani, siyo saa ya kupanda. Chakula kizito kiliwe muda wa saa tatu kabla ya shoo. Supu na chapati asubuhi ni sawa, kachumbari ya barabarani siku ya shoo si sawa. Bebeni pakiti za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini), kila moja kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Vizibo vya masikio ni vya lazima kwa mpiga drams: kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani, desibeli 85 zinavumilika saa 8, na 100 ni dakika 15 tu.

Gesti iwe na chumba cha chini, na vyombo vilale humo na mtu. Gari lililofungwa vizuri bado ni gari.

Kupakua na kurudi

Shoo ikiisha, wapenzi wa muziki wanapanda jukwaani kupiga picha, na hapo ndipo pedali na adapta zinaondoka. Pedali zifungwe kwanza, kabla ya kusalimiana. Yule wa daftari arudi mlangoni na ahesabu hadi 22, kisha mtu wa pili apite jukwaani na tochi: chini ya zulia, nyuma ya pazia, kwenye kila soketi ya ukutani.

Mkifika Dar, msiviache vyombo kwenye makasha hadi mazoezi yajayo. Fungueni yote siku inayofuata yapate hewa, kagueni jeki zilizolegea na mzichomee upya, andikeni kilichokufa na kiende Kariakoo wiki hiyohiyo. Toeni betri kwenye pedali zote. Ikivuja humo ndani kwenye joto la Dar inaozesha miguso, na pedali itakuwa imekufa kabla ya safari ya pili.